Neno Ulilonifundisha

Usa, shambani
7 Aprili 1912

Kwa dada yangu Hanna,

Shikamoo dada. Salamu zangu zikufikie hapo misheni, wewe na Sista na wote wa nyumba ya dawa. Je, mgongo wako umepona? Mimi ni mzima. Baba Sumari naye alikuwa mzima alipoondoka, amekwenda Moshi na gari la ng'ombe kuchukua mizigo ya reli, na kwa mvua hii sijui magurudumu yatatoka lini kwenye tope. Ukiuliza habari za mwanangu Sumari, hapo ndipo penye taabu.

Dada, huku chini kuna mbu. Wewe mbu wa mlimani unamjua, mmoja, tena mgonjwa. Hawa wa huku ni watu wazima. Nyumba zetu wafanyakazi zimejengwa kando ya mfereji wa kahawa, maji yamelala pale hayaendi. Mimi wananiuma, najikuna, basi. Sumari wakimuuma anavimba. Hapo mbu alipokaa panakuwa pekundu, kisha panainuka kama nusu ya yai, pana moto. Juzi jicho la kushoto lilifunga kabisa, akawa anatembea ameinua kidevu ili aone kwa lile moja. Nilicheka, kisha nikalia. Na sasa miguuni na mikononi zimetoka ndui, nyingi, zina maji ndani. Anazikuna mpaka zinapasuka. Hana homa, anakula, anacheza, ila anakuna, anakuna. Ana miaka miwili tu dada, nitamwambiaje asikune?

Jirani yangu Namnyaki anasema, "Damu ya huko kwenu juu ni tamu, mbu wa huku hawajawahi kuionja, wacha wale wazoee." Nikamwambia wazoee yako. Lakini na yeye hana dawa.

Nilitaka nikuandikie kwa lugha ya nyumbani, maneno yatoke yenyewe. Karani amekataa. Yeye ni mtu wa pwani, anasema barua ya kilugha hawezi kuisoma, na asiyoisoma haipigi muhuri, na isiyo na muhuri haitoki shambani. Kwa hiyo nimeandika Kiswahili changu hiki cha darasa la ubatizo. Pale nilipokosea, wewe mwenye kusoma utanielewa.

Niambie nimpake nini. Jibu mpe Koikai, yule Mwarusha wa punda wa magadi, anapita hapa kila wiki akitoka Kikatiti.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Sumari


Misheni, mlimani
13 Aprili 1912

Mdogo wangu Mama Sumari,

Marahaba mdogo wangu, marahaba sana. Mgongo umepona. Mama naye ni mzima, anasema mwambie Anyesi nimeota yuko mlangoni, basi ujue umeotwa. Barua yako imefika.

Ndui ya Sumari nimeisoma mara mbili, kisha nikamsomea Sista, nikamwambia, mdogo wangu ana ndui nyumbani kwake na anauliza ampake mafuta gani! Sista kwanza alisimama. Nilipomweleza habari ya mbu na mfereji na jicho, akakaa tena, akacheka, nami nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nani alikufundisha Kiswahili hicho? Vile vinavyoinuka na maji ndani vinaitwa malengelenge. Ndui ni ule ugonjwa unaoua watu na kuwaacha vipofu, ule uliopita wakati wa bibi. Usilitaje tena jina hilo, hata kwa mchezo.

Sasa sikiliza, haya ni maneno ya Sista, na mimi nimeyaona kwa macho yangu kwa watoto wawili wa hapa. Kuna watoto ambao ngozi yao inachukizwa na mate ya mbu. Si uchawi na si damu tamu. Wengi wakikua inapungua.

Kwanza maji baridi. Chovya kitambaa safi, kamua, weka pale palipovimba, kikipata moto chovya tena. Usiweke maji ya moto kama tulivyofanyiwa na bibi, yanazidisha kuwasha. Kisha mwombe Koikai magadi kidogo, yasagwe laini sana, changanya na maji baridi kidogo iwe kama uji mzito, paka penye uvimbe tu. Penye kidonda usipake, yatamchoma na atakuchukia. Kidonda osha kwa maji yaliyochemka na kupoa, yenye chumvi kidogo. Malengelenge usiyatoboe.

Pili kucha. Mkate kucha fupi kabisa. Nakutumia vifuko viwili nimevishona kwa kitambaa cha merikani, ni vya mikono yake, mvalishe anapolala na umfunge kwenye kifundo, si kwa kukaza.

Tatu mbu wenyewe. Choma mvumbasi mlangoni kabla jua halijazama. Mfunike kwa kitambaa chepesi, kisiguse ngozi, maana mbu anauma hata kupitia nguo. Na kama mtaweza, ufungueni ule mfereji maji yaende.

Ukiona usaha, au wekundu unaopanda mguu, au midomo inavimba na pumzi inakuwa fupi, usiandike barua. Mbebe uje, hata usiku.

Mbusu jicho la kushoto kwa niaba yangu.

Mama Mkubwa wa Sumari,
Hanna


Usa
21 Aprili 1912

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mama hajambo? Mwambie nimemwota na mimi, tena alikuwa ananigombeza.

Dada, Mungu akubariki wewe na mikono yako. Jicho limefunguka! Siku ya pili tu ya magadi uvimbe ulishuka. Koikai aliponipa magadi alisema, "Mama, haya ni ya maharage na ugoro, leo mmeamua kumpika mtoto?" Nikamwambia, "Napika, njoo jioni ule." Amecheka mpaka punda wake wakatangulia.

Vifuko anavipenda kuliko nguo. Anavivaa hata mchana, anapigana na kuku. Akiamka asubuhi ananyoosha mikono nimfungue, anasema "toa mbu," maana amefikiri mbu wamefungwa humo ndani. Vile vyenye maji vimekauka, yamebaki magamba tu, meusi meusi, mengine yanaanguka yenyewe. Sijayabandua.

Malengelenge. Nimeliandika mchangani mara tatu na kijiti. Neno refu kweli, linazidi ugonjwa wenyewe.

Jambo moja dogo. Barua yangu ya kwanza Karani aliisoma yote kabla ya muhuri. Akaniuliza, "Mama, mtoto wako ana nini?" Nikamwambia ni hilo nililoandika humo. Akaniuliza tena, "Hilo hilo?" Nikasema ndiyo, hilo hilo. Akapiga muhuri. Tangu siku hiyo nikipita ofisini kwake anarudi nyuma. Hii nampa Koikai mkononi, haina muhuri, nimechoka na macho yake. Yule Mzungu mwenye shamba amesharudi jana kutoka safari, labda Karani atapata kazi nyingine ya kufanya.

Baba Sumari bado. Wanasema magari yamekwama mtoni.

Mdogo wako,
Mama Sumari


Ng'ambo ya mto, Usa
26 Aprili 1912

Dada Hanna,

Shikamoo. Sina nafasi ya kukuuliza hali. Tumechukuliwa.

Jumatano walikuja Msimamizi na Karani na watu wawili, wamefunga vitambaa puani. Karani akasimama mbali, akaniambia nimtoe mtoto nje. Nikamtoa. Wakaona yale magamba. Msimamizi akasema kwa watu wake, "Haya, ni yenyewe, imeshakauka." Nikasema bwana, hawa ni mbu, mtoto amepona. Karani akasema, "Mama, usituchezee. Wewe mwenyewe uliandika ndui. Nikakuuliza mara mbili, ukakubali mara mbili. Kule kwetu nimewazika ndugu zangu wanne kwa ndui. Mimi sitanii na neno hilo."

Nikakumbuka barua yako. Nikaingia ndani mbio, nikaitoa chini ya mkeka, nikampa nikisema, soma, dada yangu yuko nyumba ya dawa, amenieleza yote. Akaishika kwa ncha za vidole. Akaruka salamu. Akasoma kwa sauti, wote wakisikia: "Ndui ya Sumari nimeisoma mara mbili." Akaacha hapo. Nikasema endelea bwana, endelea mbele, anacheka, ni mchezo. Msimamizi akasema, "Imetosha. Hata wa nyumba ya dawa wanajua." Barua yako wakaitupa kwenye moto wangu wa kupikia, na mkeka, na shuka.

Namnyaki alikuwa amesimama mlangoni kwake. Nilimwita. Aliingia ndani.

Hapa tulipo ni banda la majani ambalo Mzungu amelijenga kwa ajili ya wagonjwa wa ndui. Kuna wapagazi wawili waliletwa kutoka barabarani. Hao dada wanayo. Sasa nimeiona. Hakuna mtu anayeweza kuifananisha na mbu, hakuna. Mmoja hana tena uso. Banda ni moja, katikati pana pazia la gunia. Mimi nina alama ya chanjo ya Sista begani, Sumari hana, si unajua mwaka huu dawa ya kuchanja haikupanda mlimani.

Namweka mgongoni mchana kutwa nikiwa nje. Mvua ikinyesha tunaingia. Njoo dada. Au mtume Sista.

Mdogo wako


Misheni
1 Mei 1912

Mdogo wangu,

Usiniamkie, hakuna haja. Barua yako Koikai alinipa Jumamosi, alikuja bila punda, alikuwa amewaacha kwa watu ili afike upesi.

Sista hakuwepo, alikuwa amekwenda Machame. Nilishuka kwanza hapo shambani kwenu Jumapili. Msimamizi alinizuia kwenye mti wa kuzuia magari. Nilimwambia mimi ni wa nyumba ya dawa, mtoto nimemtibu mwenyewe. Akaniambia, "Wa nyumba ya dawa ni Mzungu, wewe ni wa kufagia." Nilikuona ng'ambo, Anyesi, umesimama na mtoto mgongoni. Nilipunga mkono. Sijui kama uliniona.

Nikaenda Machame kwa miguu, nikamkuta Sista, akaandika karatasi hii kwa Kijerumani. Imesema ni mbu. Hiyo ndiyo watakayoisoma. Nampa Koikai aifikishe kwa Mzungu mwenyewe, si kwa Karani.

Mkalishe mbali na pazia. Usitumie chombo chao, usiguse nguo zao. Omba, nami naomba.

Mama Mkubwa


Usa
8 Mei 1912

Dada yangu Hanna,

Shikamoo dada, mara nyingi. Nilikuona siku ile. Ulikuwa umevaa leso nyeupe. Nilimgeuza Sumari akuone, akapunga mkono wenye kifuko.

Tumetoka! Karatasi ya Sista ilimfikia Mzungu siku tano zilizopita. Alikuja na farasi mpaka ukingoni, akaniambia nimwinue mtoto, akamtazama kwa mbali, akasema kwa Kiswahili, "Mbu tu," akacheka, akageuza farasi. Mbu tu. Siku kumi tumekaa mle.

Nyumba yetu tumeikuta tupu, nimeomba mkeka. Namnyaki ameleta maziwa, ameweka chini, hakunitazama. Nimeyapokea, nifanyeje, mtoto lazima anywe.

Sumari ni mzima, ila tangu jana ana moto, na anashika mgongo, anasema unauma. Itakuwa ni unyevu wa lile banda. Au mbu tena. Nimechoma mvumbasi. Nimempaka magadi ingawa sioni pa kupaka.

Mdogo wako,
Mama Sumari


Misheni
20 Mei 1912

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Sumari hajambo? Mumeo Thomasi amefika? Barua yako ya tarehe nane nilimsomea Sista, nilipofika penye mgongo akaniambia nisome tena. Kesho yake nilimtuma mtu, akarudi akasema njia ya shambani imefungwa, hakuna kuingia. Koikai naye amezuiwa asipite huko.

Niandikie. Nitumie hata habari ya kuku.

Mama Mkubwa


Usa
2 Juni 1912

Dada,

Shikamoo. Mama yu hali gani? Usimsomee hii.

Sumari alikufa tarehe kumi na nane Mei, siku ya Jumamosi, jua likiwa juu.

Siku ya tatu ya ule moto vilitoka usoni. Vidogo, vigumu kama punje ndani ya ngozi. Nilimpaka maji baridi. Nilimpaka magadi. Nilikata kucha. Nilifanya yote uliyoniandikia, kwa mpango ule ule, maana barua ilichomwa lakini nilikuwa nimeishika kichwani. Havikujali. Vilikuwa havimuwashi hata. Hapo ndipo nikajua. Mtoto ambaye hakuni.

Mara hii hawakuja kunichukua. Nilimbeba mwenyewe nikavuka mto. Karani alikuwa amesimama njiani. Alivua kofia. Alisema, "Mama, mimi nilisoma kilichoandikwa." Nikampita na mtoto wangu, kwa sababu ni kweli.

Sasa na wewe nikuulize. Uliniandikia, "Nani alikufundisha Kiswahili hicho?" Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Ni wewe, Hanna. Umesahau? Mwaka ule nilipomwagikiwa uji wa moto mkononi, ikainuka ngozi, maji ndani. Wewe ulikuwa unakwenda shule mwaka wa pili, mimi bado. Nikakuuliza, kwa Kiswahili hii inaitwaje? Ukatazama mkono wangu, ukatazama juu, ukasema, "Inaitwa ndui." Nikasema "ndoi," ukanicheka, ukanifanya niseme mara kumi mpaka ikanyooka. Nililishika neno hilo kama mali. Nililitunza miaka kumi na miwili. Siku nilipolihitaji nilikuwa nalo.

Thomasi alifika tarehe ishirini na mbili. Alikuwa amemletea mtoto kengele ya ng'ombe. Aliniuliza, "Kilianza nini?" Nikamwambia kilianza mbu. Akaniuliza, "Mbu wanaua hivyo?" Nikamwambia hapana.

Mfereji umefunguliwa sasa. Mzungu aliamuru. Maji yanaenda.

Kifuko kimoja alienda nacho. Kingine sikukiona, nadhani kiliangukia mtoni.

Mama Sumari


Misheni
16 Juni 1912

Mdogo wangu Anyesi,

Sijui nikuamkie vipi. Mimi ni mkubwa, lakini leo mimi ndiye wa kusema shikamoo.

Nakumbuka. Nilikumbuka ulipoandika uji. Ulikuwa umekaa kwenye jiwe la kusagia, na mkono umeunyanyua hivi. Nami sikulijua lile neno, Anyesi. Mwalimu alikuwa hajatufundisha. Ndui nilikuwa nimelisikia asubuhi ile kanisani, kwenye maombi, sikujua hata ni nini. Niliona aibu kukwambia sijui. Wewe ulikuwa unaniona najua kila kitu, na mimi nilipenda kuonwa hivyo. Ningesema "sijui," neno fupi kuliko yote, mwanetu angekuwa anapigana na kuku.

Na nilicheka. Ningeandika mambo ya dawa kwanza, kicheko baadaye, Karani angesoma mengine.

Ndani ya karatasi hii nimeweka isale, lile jani letu la kuomba msamaha. Nililikata kwenye kaburi la baba, mama akiwa ameshika shina. Habari ya Sumari anaijua sasa, nilimsomea barua yako, nisamehe na hilo. Wewe unajua kwetu aliyepelekewa isale hakatai, hata kama ameuliwa mtu. Kwa hiyo sikutaka kulituma. Nilikaa nalo siku nne, nikaona ni kukulazimisha. Lakini sina kingine.

Ukilipokea, usiniandikie barua kama huwezi. Niandikie hata neno moja, lolote, nijue upo na mkono wako unaandika.

Dada yako,
Hanna


Usa
11 Agosti 1912

Dada,

Isale limefika. Lilikuwa limekauka. Nimelipokea.

Uliomba neno moja.

Malengelenge.

Anyesi